Poe si msimulizi wake: dhana potofu kuhusu tungo za Edgar Allan Poe

Wasomaji wengi wanaamini kwamba Edgar Allan Poe, mwandishi na mshairi wa Marekani, aliandika akiwa amelewa afyuni, na kwamba wauaji na wenda wazimu wanaosimulia hadithi zake ni yeye mwenyewe. Ukweli ni kwamba anayekiri kutumia afyuni ni msimulizi wa "Ligeia" (1838), na anayemuua mzee kisha akashikilia kuwa ana akili timamu ni msimulizi wa "The Tell-Tale Heart" (1843); hao ni wahusika wa kubuniwa. Thomas Dunn English, tabibu aliyekuwa hasimu wa Poe na hivyo hakuwa na sababu ya kumtetea, aliandika kwamba hakuwahi kuona kwake dalili za uraibu huo. Pombe ilimsumbua kweli, lakini kazi iliyopangwa kwa ustadi kiasi hiki haitoki kwenye ulevi.

Dhana hii ina chimbuko linalojulikana. Poe alifariki Baltimore tarehe 7 Oktoba 1849, na siku mbili baadaye gazeti la New York Tribune likachapisha tanzia yenye kumdhalilisha, iliyotiwa saini ya "Ludwig". Aliyeiandika alikuwa Rufus Griswold, mhariri aliyekuwa na kinyongo naye, na kwa masikitiko ni huyohuyo aliyekuja kuhariri maandishi ya marehemu na kuyaambatanishia wasifu uliomchora kama mtu mwovu. Griswold alifika hata kughushi barua za Poe, jambo ambalo Arthur Hobson Quinn, mwandishi wa wasifu wa Poe, alilithibitisha mwaka 1941 kwa kulinganisha barua za asili na zile zilizochapishwa. Kwa zaidi ya miaka 90, basi, wasomaji walikuwa wamezisoma hadithi hizi kama ungamo la mkosaji.

Wengine husema kwamba shairi la "The Raven", la kunguru anayerudia neno moja tu, lilimshukia mtunzi kama ndoto. Mwaka 1846 Poe alichapisha insha akieleza kwamba aliamua kwanza urefu wa mistari ipatayo 100, kisha athari aliyoitaka, kisha kibwagizo chenye sauti nzito ya kuvutwa, na baadaye ndipo akamtafuta kiumbe wa kukitamka. Yawezekana alitia chumvi, lakini beti 18 za mistari sita sita, zenye vina vya kati na vya mwisho, zinaonyesha mkono wa fundi, na anayejua taabu ya kusawazisha vina na mizani atamwelewa upesi.

Wapo pia wanaodhani kwamba shairi hilo, lililotoka Januari 1845, lilimtajirisha. Lilimpa jina, lakini malipo yalikuwa dola chache, ilhali "The Gold-Bug", hadithi ya kufumbua maandishi ya siri, ilikuwa imemshindia tuzo ya dola 100 mwaka 1843.

Hadithi hiyo inatosha kukanusha dai kwamba Poe aliandika vitisho pekee. Mwaka 1841, katika "The Murders in the Rue Morgue", alimuumba Dupin, mpelelezi anayetumia mantiki, na kuweka msingi wa hadithi za upelelezi za kisasa. Alitunga vichekesho, akahakiki vitabu vya wenzake bila kuwaonea haya, na mwaka 1848 akatoa "Eureka", andiko refu kuhusu ulimwengu, ambamo alipendekeza kwamba anga la usiku lina giza kwa sababu mwanga wa nyota za mbali kabisa bado haujatufikia.