Serikali yenye mipaka, msaada wenye uhakika

Februari 1887, Rais Grover Cleveland wa Marekani alikataa kutia saini muswada uliotenga dola 10,000 za kuwanunulia mbegu wakulima wa Texas waliopigwa na ukame. Alisema Katiba haikuipa serikali kuu mamlaka ya kutumia fedha za umma kwa shida za watu binafsi, na kwamba ukarimu wa wananchi ungewafikia. Wanaotetea serikali ndogo hupenda kukitaja kisa hiki, ila mara nyingi huishia katikati. Clara Barton, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, alikwenda Texas kujionea hali, michango ikaanza kukusanywa, na bunge la jimbo likatenga dola 100,000. Serikali ilikuwapo, ila ya ngazi ya chini. Na fedha hizo zilipogawanywa kwa wahitaji wote, kila mmoja alikadiriwa kupata dola 3 na ushei.

Kwa hiyo kuuliza kama serikali isaidie au isisaidie hakutufikishi mbali. Anayetaka kupima mpango wowote wa msaada aulize: ngazi ipi inalipa, ngazi ipi inaamua, kigezo cha kuingia ni kipi, na mhitaji akianza kujipatia kipato, msaada unapungua kwa kasi gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha kama mipaka ya serikali na huruma kwa mhitaji vinaweza kukaa pamoja.

Serikali yenye mipaka ni ile ambayo madaraka yake yametajwa katika sheria, matumizi yake yanaidhinishwa na bunge, na haichukui kazi ambayo familia, majirani, vyama vya kusaidiana au taasisi za dini zinaiweza. Mipaka ya namna hiyo inahusu upana wa kazi. Haihusu uhakika wake. Serikali inayoahidi mambo matatu na kuyatimiza kila mwezi ina mipaka na ina huruma. Inayoahidi mambo thelathini, kisha ikawaacha watu kwenye foleni hadi wakate tamaa, imekosa vyote viwili. Tunalisisitiza hili kwa sababu bajeti inapobana, jambo rahisi kwa watawala ni kuacha orodha ya ahadi kama ilivyo na kuchelewesha malipo kimyakimya. Anayeumia hapo ni yule asiye na akiba hata ya wiki moja.

Ngazi ipi ifanye nini

Mafundisho ya kijamii ya Kanisa Katoliki yana kanuni ya auni, iliyoelezwa kwa uwazi mwaka 1931 na Papa Pius XI, na Umoja wa Ulaya ukaiingiza katika mkataba wa Maastricht wa 1992. Kanuni hiyo ina pande mbili. Upande mmoja unaizuia ngazi ya juu kunyang'anya kazi ambayo ngazi ya chini inaimudu. Upande wa pili unaitaka ngazi ya juu iisaidie ile ya chini inapozidiwa. Wengi hushika upande wa kwanza na kuusahau wa pili.

Historia ya Uingereza inaonyesha gharama ya kusahau huko. Sheria ya maskini ya 1601 iliipa kila parokia, yaani eneo la kanisa lililokuwa pia ngazi ya chini ya utawala, jukumu la kuwatunza wahitaji wake kwa kodi iliyotozwa papo hapo. Uzuri wake ulikuwa kwamba waliotoa na waliopokea walijuana. Lakini kila parokia ilijilipia yenyewe, hivyo kila mgeni maskini alionekana kuwa mzigo mtarajiwa. Sheria ya ukazi ya 1662 ikaruhusu mgeni aliyepanga mahali pa kodi iliyo chini ya pauni 10 kwa mwaka arudishwe alikotoka, ikiwa malalamiko yangetolewa ndani ya siku 40. Wajawazito wasio na waume walisukumwa kuvuka mpaka wa parokia kabla ya kujifungua, kwa sababu mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa wa parokia alikozaliwa. Ubaya wa mioyo peke yake hauelezi jambo hilo. Mfuko wowote mdogo unaojilipia wenyewe huwa na sababu ya kumkimbiza mhitaji, na wakati wa ukame au kiwanda kikuu kufungwa, hukauka siku ileile watu wanapouhitaji zaidi.

Mji wa Elberfeld nchini Ujerumani ulijaribu njia nyingine kuanzia 1853. Fedha zilitoka kwenye hazina ya mji. Uchunguzi na uangalizi vilikabidhiwa kwa raia wa kawaida waliofanya kazi hiyo bila malipo, kila mmoja akiwa na kaya zisizozidi nne hivi. Msaada uliidhinishwa kwa siku 14 tu, na ili uendelee ilibidi kaya itembelewe tena. Kwa kaya nne, mtembeleaji aliweza kujua nani amepata kibarua, nani ameugua, na mtoto yupi haendi shule. Mtu mmoja akipewa kaya mia moja, ziara hugeuka kuwa kujaza fomu. Miji mingi ya Ujerumani iliuiga mfumo huo, lakini miji ilipokua na watu kuhamahama, majirani hawakujuana tena na wa kujitolea wakapungua. Strasbourg, mwanzoni mwa karne ya 20, ikakabidhi sehemu kubwa ya kazi kwa maofisa wa kuajiriwa.

Tunaloliona hapo ni kwamba fedha zitoke kwenye mfuko mpana, na maarifa kuhusu mhitaji yatoke karibu naye. Bolsa Família ya Brazil, iliyoanzishwa 2003, ilifuata mgawanyo huo: serikali za mitaa ziliandikisha kaya katika rejista moja ya taifa, serikali kuu ikalipa moja kwa moja kwa kadi ya benki, mara nyingi kwa jina la mama wa kaya. Diwani hakuwa na bahasha ya kugawa. Kwa miaka mingi mpango huo uligharimu takriban nusu ya asilimia moja ya pato la taifa.

Msaada unavyopungua

Hapa ndipo mipango mingi huharibika, na inafaa kuzifuata hesabu taratibu.

Chukua msaada wa 200 kwa mwezi kwa kaya yenye kipato kisichozidi 1,000. Kaya ikipata 1,001, msaada wote unakatwa. Nyongeza ya 1 imeleta hasara ya 199. Mwenye akili timamu atakataa saa za ziada, na hapo atalaumiwa kwa uvivu wakati amepiga hesabu sahihi. Dawa ni kupunguza msaada kidogo kidogo. Ukikata 50 kwa kila 100 inayozidi kizingiti, msaada unaisha kipato kinapofika 1,400. Ukikata 25, unaisha kwenye 1,800. Kanuni yake ni kugawanya kiasi cha msaada kwa kiwango cha ukataji: 200 gawanya kwa 0.25 ni 800 juu ya kizingiti.

Hesabu hiyohiyo inatufundisha jambo lisilopendeza. Kadiri ukataji unavyokuwa wa taratibu, ndivyo kaya nyingi zaidi zinavyoingia na gharama inavyopanda. Hakuna mpango unaoweza kutoa msaada mkubwa kwa fukara, kumwachia afanyaye kazi sehemu kubwa ya kipato chake, na wakati huohuo kuwa wa gharama ndogo. Kimojawapo lazima kilegezwe, na mwanasiasa anayeahidi vyote vitatu ajibu kwanza kipi atakilegeza.

Tatizo huzidi mipango inapokuwa mingi. Nchini Marekani, msaada wa chakula hupunguzwa senti 30 kwa kila dola ya kipato halisi. Kwa kuwa asilimia 20 ya mshahara haihesabiwi, ukataji ni kama senti 24 kwa dola ya mshahara. Mwenye ruzuku ya nyumba hulipa kodi ya pango ya takriban asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato fulani. Makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee ni asilimia 7.65. Ukizijumlisha, kati ya kila dola anayoongeza, karibu senti 62 zimeondoka. Hesabu kamili hushuka kidogo, kwa sababu pango likipanda msaada wa chakula hurekebishwa. Hata hivyo ni kiwango ambacho tajiri hatozwi, na hakuna bunge lililokaa likakipitisha. Kila ofisi iliweka kanuni yake bila kutazama ya mwenzake. Kwa hiyo, kabla ya kuanzisha msaada mpya, chora jedwali la kaya moja kwa kipato kuanzia sifuri hadi mara mbili ya kizingiti, uweke humo misaada yote na kodi zote, kisha utazame ni wapi mstari wa kile kinachobaki mkononi mwa kaya unashuka badala ya kupanda.

Vizingiti vya akiba vina madhara yanayofanana na hayo. Posho ya Marekani kwa wazee na wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha haimruhusu mtu mmoja kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Kiwango hicho hakijabadilika tangu 1989. Bei zimepanda, kizingiti kimesimama, na mtu anayejiwekea fedha ya matengenezo ya paa anapoteza posho. Kiwango chochote cha fedha katika sheria kifungwe na kipimo cha bei tangu siku ya kwanza, la sivyo msaada utasinyaa bila kura ya mtu yeyote.

Onyo hilohilo linahusu ruzuku ya jumla, yaani fedha ambazo serikali kuu huyapa majimbo kwa mkupuo yazigawe yenyewe. Mageuzi ya 1996 ya msaada kwa familia maskini nchini Marekani yaliweka ukomo wa miezi 60 kwa kaya kupokea msaada wa fedha za serikali kuu na kuyapa majimbo jumla ya takriban dola bilioni 16.5 kwa mwaka, kiasi ambacho hakiongezwi kwa mfumuko wa bei. Kuyapa majimbo uhuru lilikuwa wazo la kweli la serikali yenye mipaka. Lakini madhumuni yaliandikwa kwa upana, na katika miaka ya karibuni takriban robo tu ya fedha hizo imekuwa ikifika kwa kaya kama msaada wa kujikimu. Mwaka 2020 mkaguzi wa jimbo la Mississippi alihoji matumizi ya zaidi ya dola milioni 94. Uhuru wa kutumia unahitaji sharti la kuonyesha ni kaya ngapi zimepokea, kiasi gani, na kwa muda gani.

Kuna pia makosa ya kuingiza na makosa ya kuacha. Kumlipa asiyestahili huonekana kwenye ukaguzi na kuandikwa magazetini. Kumwacha anayestahili hakuonekani popote, kwa hiyo ofisi inayoogopa aibu huongeza nyaraka, na kila nyaraka humtoa nje asiyejua kusoma, mgonjwa, na aliye mbali na ofisi. Ukaguzi wa kweli huchukua sampuli ya waliokataliwa pamoja na waliokubaliwa, kisha hutangaza viwango vyote viwili.

Na mhitaji awe na njia ya rufaa. Uamuzi wa kumkatia utolewe kwa maandishi, sababu na kifungu cha kanuni vikitajwa. Apewe muda wa kujibu kabla malipo hayajasimama, na asikilizwe na mtu tofauti na aliyeamua mwanzo. Anayetaka serikali isiwe na madaraka ya kupita kiasi juu ya raia aanze na raia huyu, kwa maana hakuna mwingine ambaye ofisa mmoja anaweza kumnyima chakula cha mwezi kwa kalamu.