Kuandaa chakula cha wiki sio kupika wiki nzima Jumapili, jamani

Naandika hii kwa sababu nimeisikia mno. Mzazi anakuja kuniona kuhusu lishe ya watoto, nikitaja tu kuandaa chakula cha wiki ananikatisha, aah hiyo nilijaribu ikanishinda, nilisimama jikoni kutwa mpaka miguu ikavimba, kufika Jumatano watoto hawataki hata kuona. Namuuliza ulipika nini, anasema wali, pilau, mchuzi wa nyama, maharage, mchicha, vyote vimeiva kabisa na friji imejaa mpaka mlango haufungi. Basi hapo hapo ndo kosa lilipo, na sijui nani aliwaaminisha watu hivyo.

DHANA: Unapika milo yote siku moja, wiki nzima unapasha tu.

Hapana. Kinachoandaliwa Jumapili ni vile vinavyokula muda, kupika kwenyewe kunabaki kwa siku husika. Hebu fikiria jioni ya Jumanne umerudi saa moja, foleni ya Mbagala imekumaliza. Ugali ni robo saa. Mchicha dakika tano. Wali ukishaupalia unaiva wenyewe huku unamuogesha mtoto. Kinachokufanya mle saa nne usiku ni maharage mabichi, vitunguu na nyanya vya kumenya na kukatakata, samaki ambaye hajaparuliwa na nazi ambayo haijakunwa. Hivyo vinne vimalize Jumapili uone kama jioni yako haijabadilika.

Nianze na maharage kwa sababu ndo ninayoyapigia debe kuliko yote. Kilo moja, unapembua na kuyaloweka Jumamosi usiku, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, kwenye presha kuka nusu saa inatosha, sufuria ya kawaida itachukua zaidi lakini haikuzuii kufanya mengine. Kilo moja kavu inakupa kama kilo mbili na nusu zilizoiva. Usiyaunge! Hapa ndo watu wanaharibu, wanaunga yote na nazi halafu wanashangaa familia imechoka ladha moja. Gawanya kwenye makopo, hata la siagi lililooshwa vizuri lenye mfuniko linafaa, kila kopo mlo mmoja pamoja na maji yake kidogo, moja friji, mengine friza, andika tarehe juu. Jumanne unayaunga kwa nazi mnakula na wali, Alhamisi kopo jingine unalikaanga na kitunguu na hoho mnakula na chapati, na hakuna mtoto atakayesema ni kiporo maana sio kiporo.

Rosti ni hivyo hivyo. Nyanya kilo mbili, vitunguu, karoti, saumu na tangawizi, saga kwenye blenda, pika na mafuta kidogo mpaka maji yakauke na mafuta yatengane, gawa kwenye vikopo vidogo. Kila mchuzi wa wiki hiyo unaanza na kikopo kimoja. Samaki ukimnunua Feri au popote, mparue, mkate, tia chumvi na ndimu, funga vipande vya mlo mmoja mmoja, maana ukigandisha wote kwa pamoja utalazimika kuyeyusha wote. Tui nalo ligandishe siku ileile maana linachacha haraka sana, likiyeyuka utaona limetengana, litikise tu uendelee.

Yote hayo ni masaa mawili, na baba akiwepo akamenya vitunguu huku watoto wakubwa wanapembua maharage inapungua zaidi. Halafu Jumatano jioni tenga nusu saa nyingine ya mboga mbichi na matunda. Mimi hii ya Jumatano naisisitiza sana. Chakula kilichoiva kwenye friji nacho nakihesabia siku tatu, nne ndo mwisho, kwa hiyo anayepika Jumapili ale Ijumaa kutoka friji, sio friza, anabahatisha na afya ya wanae.

DHANA: Kiporo kilicholala nje ukikichemsha sana asubuhi hakina neno.

Hii inanikera kwa sababu watu wanabisha nayo. Wali uliobaki kwenye sufuria usiku kucha unaweza kuwa na bakteria anaitwa Bacillus cereus, spora zake, yaani hali yake ya kulala yenye ganda gumu, hazifi kwa kuchemka kwa kawaida, wali ukipoa polepole zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu ile ya kutapisha moto wa jikoni hauimalizi hata uchemshe mpaka ukauke. Chakula kikishaiva kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na kwa joto la Dar mwezi wa Januari mimi nasema saa moja. Utandaze wali kwenye sinia upoe haraka kisha uweke friji, usiingize sufuria zima la moto. Na "mbona bibi zetu walikula" sio jibu, wapo walioumwa tumbo na hakuna aliyejua ni wali.

DHANA: Chakula kilichogandishwa hakina virutubisho.

Sio kweli, protini na madini ya maharage au samaki yanabaki karibu yote. Kinachopotea kirahisi ni vitamini C ya mboga za majani zikikatwa mapema, zikapikwa zikapashwa tena na tena, ndo maana matembele na mchicha nakwambia upike siku ileile. Vichambue tu, usivioshe mpaka siku ya kupika, vifunge kwenye kitambaa kikavu weka friji.

DHANA: Umeme ukikatika vyote vimeharibika.

Inategemea umefungua mlango mara ngapi. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa inashika ubaridi kama masaa 48, ya nusu kama 24. Friji ya kawaida masaa manne hivi. Tatizo ni kila mtu nyumbani kwenda kuchungulia.

DHANA: Bila friza haiwezekani.

Inawezekana, unabadilisha mpangilio tu. Andika kwenye karatasi milo ya jioni zote saba, bandika ukutani, halafu kila usiku unafanya kitu cha kesho, leo unaloweka maharage, kesho unachambua dagaa. Choroko hazihitaji hata kulowekwa, karanga zilizosagwa zinakaa, dagaa wakavu wanakaa. Chemsha maharage ya mlo mmoja, usilazimishe ya wiki.

Na kama ndo unaanza, wiki ya kwanza fanya maharage peke yake. Rosti wiki ya pili. Samaki na nazi vitafuata ukishazoea.