Je, wajua kampuni ya intaneti hupunguzaje spidi yako?

Aliyelipia megabiti 20 kwa sekunde na jirani yake aliyelipia 200 huenda wameunganishwa kwenye faiba ileile. Kwenye mfumo wa faiba uitwao GPON, uzi mmoja hushusha takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde, zikagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Tofauti ya majirani hao ni tarakimu tu kwenye mitambo ya kampuni.

Ruta inapowaka, mtambo huitambua akaunti, huangalia kifurushi kilicholipiwa na kuweka kikomo. Kwa modemu za kebo, kikomo huwa ndani ya faili ambalo modemu hulipakua kila inapowashwa. Ndiyo maana ukipandisha kifurushi, mara nyingi hakuna fundi anayekuja.

Sasa, biti zenyewe hazitembei polepole. Data husafiri katika vipande vidogo viitwavyo pakiti, kwa kawaida zisizozidi baiti 1,500 kila moja, na mtambo huzihesabu. Ni kama ndoo inayojazwa tokeni, yaani vibali vya kupita, kwa kasi uliyolipia: kila pakiti ikipita, huchota tokeni zake. Tokeni zikiisha, pakiti hupangwa foleni au hutupwa. Ndiyo, hutupwa kabisa! Seva iliyoituma, isipopata jibu kwamba imefika, huchukulia kuwa njia ina msongamano, hivyo hupunguza mwendo na kuituma tena. Kwa hiyo anayepunguza spidi hasa ni mtumaji mwenyewe. Na kwa kuwa ndoo huwa imejaa ulipokuwa umetulia, kipimo cha spidi huweza kupaa mwanzoni, kisha kikashuka hadi kiwango cha kifurushi.

Hilo sina ugomvi nalo, mradi mteja ameelezwa. Hata kupunguziwa baada ya kumaliza kiasi fulani cha data kunavumilika kukiandikwa wazi. Kibaya ni kubagua matumizi kimyakimya. Mwaka 2007 nchini Marekani ilibainika kuwa kampuni ya intaneti ya Comcast ilivuruga BitTorrent, mfumo wa watu kugawiana mafaili, kwa kutuma ujumbe wa kughushi wa kukata mawasiliano, kana kwamba umetoka kwenye kompyuta ya upande wa pili. Mamlaka ya mawasiliano, FCC, iliiamuru iache mwaka 2008. Mahakama ikatengua amri hiyo mwaka 2010.

Ukishuku unabaguliwa, jaribu huduma ileile kupitia VPN, ambayo humficha mtoa huduma unachofanya. Video iliyokuwa ikikwama ikicheza vizuri, una sababu ya kuwauliza. Ila kwanza hakikisha hukuchanganya biti na baiti. Baiti moja ni biti 8, hivyo gawanya kwa 8: megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu kwa sekunde.