Sosi ya nyama choma ya kupika nyumbani kwa wenye kisukari, presha na ugonjwa wa figo: maswali na majibu

Kando ya kachumbari na kichuguu cha chumvi ya kuchovea, meza nyingi za nyama choma siku hizi zina chupa ya sosi nzito ya rangi ya kahawia, ile ambayo Wamarekani wameizoesha dunia. Mwenye kisukari huitazama kwa mashaka, mwenye presha vilevile, na mpishi wa nyumbani hubaki akitafuta sosi moja ya afya itakayowatosha wote. Sosi ya namna hiyo haipo, kwa kuwa inayomfaa mgonjwa wa kisukari inaweza kumdhuru mgonjwa wa figo aliyeketi naye meza moja. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya anayepika, na hayachukui nafasi ya maelekezo ambayo mgonjwa amepewa na daktari au mtaalamu wa lishe.

Swali: Sosi ya chupa ina nini hasa cha kuogopwa?

Ina sukari na chumvi kwa wingi ambao ulimi hautambui, kwa sababu vitu hivyo viwili hufunikana na siki huvifunika vyote. Ukigeuza chupa na kusoma kibandiko chake, mara nyingi utakuta kwamba vijiko viwili vya chakula vina gramu 10 hadi 16 za sukari na sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, inayokaribia au kupita miligramu 300. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina uzito wa gramu 4 hivi, kwa hiyo aliyejimiminia vijiko viwili vya sosi yenye gramu 12 amekula vijiko vitatu vya chai vya sukari juu ya nyama ambayo yenyewe haikuwa na sukari, na sijapata kuona mtu anayepima vijiko viwili mbele ya sinia la mbuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa anayekula kilokalori 2,000, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Chumvi ya siku nzima, kwa ushauri wa shirika hilo hilo, inapaswa kuwa chini ya gramu 5, ambazo hazijazi vizuri kijiko kimoja cha chai.

Utamu huo si sharti la sosi. Mtindo uliotapakaa kwenye chupa ni ule wa mji wa Kansas City huko Marekani, wa nyanya na molasi (shira nyeusi ya miwa), lakini mashariki mwa jimbo la North Carolina nyama hupakwa siki na pilipili huku sukari ikiwa kidogo au haipo kabisa, na katika pwani yetu mishkaki huliwa na ukwaju bila mtu kuuliza chupa iko wapi.

Swali: Nianzie wapi nikitaka kuipika mwenyewe?

Anza kwenye makaa, maana ladha ya moshi ndiyo inayoufanya ulimi usahau sukari. Chukua nusu kilo ya nyanya zilizoiva kabisa, kitunguu maji kimoja kikubwa na punje nne za kitunguu saumu zisizomenywa, uvipange juu ya wavu na kuvigeuza mpaka maganda ya nyanya yapasuke na kitunguu kilainike hadi ndani. Wakati huo loweka gramu 30 za ukwaju, donge la ukubwa wa nusu yai, katika nusu kikombe cha maji ya moto, kisha uukamue na kuuchuja. Ondoa maganda yote yaliyoungua, usage nyanya na vitunguu, umimine kwenye sufuria pamoja na ukwaju, vijiko viwili vya chakula vya siki, vijiko viwili vya chai vya paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyowasha), kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, mdalasini wa kushikwa kwa vidole viwili na robo kijiko cha chai cha chumvi. Pika kwa moto mdogo bila mfuniko kwa dakika 30 hadi 40, ukikoroga isishike chini. Sosi imeiva pale unapopitisha mwiko katikati ya sufuria na njia yake ikabaki wazi kwa muda kabla haijazibika.

Utapata kama mililita 300, ambazo ni vijiko 20 vya chakula, na kila kijiko kitakuwa na takriban gramu 2 za sukari au pungufu, yote ikitokana na nyanya, kitunguu na ukwaju, pamoja na sodiamu isiyozidi sana miligramu 30. Kijiko kama hicho cha sosi ya chupa huwa na gramu 5 hadi 8 za sukari. Ikiwa uchachu umezidi, usikimbilie kopo la sukari: kaanga kitunguu kingine taratibu mpaka kiwe na rangi ya kahawia, ukisage na kukirudisha sufuriani.

Swali: Nimeambiwa asali, sukari guru na tende hazina madhara kwa mwenye kisukari. Ni kweli?

Si kweli, na hili ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko mengine yote. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, wakati kijiko hicho hicho cha sukari nyeupe kina gramu 12 na ushee, kwa kuwa asali ni nzito zaidi na huenea kijiko kizima bila nafasi tupu. Sukari guru ni sukari ya miwa ambayo haijasafishwa. Madini yaliyobaki ndani yake ni kidogo mno kuweza kumkinga mtu na kupanda kwa sukari ya damu. Tende ina nafuu kiasi kwa sababu huja na nyuzinyuzi zake, lakini uzito wake mwingi ni sukari. Tende mbili ndogo zilizosagwa ndani ya sufuria niliyoieleza huongeza kama gramu 10 za sukari, yaani nusu gramu kwa kila kijiko, na hilo linavumilika. Tende nane zitakurudisha karibu na chupa uliyoikimbia.

Asali ina tahadhari nyingine isiyohusu kisukari. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali wala sosi iliyopikwa kwa asali, kwa kuwa mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha mwili, zinazoweza kuwamo haziuawi na maji yanayochemka.

Swali: Vipi kuhusu stevia na vitamu vingine visivyo sukari?

Mwenye kisukari anaweza kuvitumia kidogo ikiwa daktari wake hana pingamizi. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu hivyo visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, lakini ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa maoni yangu, sosi iliyochomwa vizuri haivihitaji.

Swali: Nina presha. Nikiacha kutia chumvi, si nimemaliza kazi?

Bado, kwa sababu chumvi huingia jikoni kwa majina mengine. Sosi ya soya ina chumvi nyingi kuliko karibu kila kitu kilicho kabatini, na vidonge vya supu, viungo vya pakiti vilivyochanganywa tayari na nyanya ya kopo iliyotiwa chumvi navyo vina mchango wao. Nunua bizari na paprika zisizochanganywa, ama uzisage mwenyewe. Kumbuka pia kichuguu kile cha chumvi pembeni ya sinia: haina maana kuandaa sosi yenye miligramu 30 za sodiamu kisha kila pande la nyama likachovewa chumvi kabla ya kufika mdomoni.

Madukani kuna pia chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu, madini mengine. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima inaweza kusaidia, na Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoiunga mkono kwa matumizi ya nyumbani, isipokuwa kwa wajawazito, watoto na watu wenye matatizo ya figo. Wengi wa wenye presha hutumia enalapril, lisinopril, losartan au spironolactone, dawa ambazo huufanya mwili ubakize potasiamu, na zikikutana na chumvi ya aina hiyo potasiamu ya damu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Mwulize daktari au mfamasia kabla ya kuinunua.

Swali: Mama anasafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo. Naye anaweza kula sosi hii?

Hapa hesabu inageuka, maana adui si chumvi pekee. Figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu, na nyanya inayo ya kutosha: nusu kilo ina zaidi ya miligramu 1,100, na ukwaju huongeza yake. Katika sufuria ya vijiko 20, kila kijiko kitakuwa na miligramu 75 hivi. Kijiko kimoja si kikubwa. Vijiko vitano ni jambo jingine, hasa kwa mtu ambaye siku hiyo amekula ndizi au viazi. Nyanya nzito ya kopo ni hatari zaidi kwa sababu gramu 100 zake hukaribia miligramu 1,000, kwa hiyo usiigeuze kuwa njia ya mkato ya kupata uzito wa sosi yake.

Kwa mama pika sosi ya vitunguu na nanasi. Vitunguu vitatu vilivyochomwa, gramu 150 za nanasi lililochomwa hadi kingo zake ziwe kahawia, tangawizi, kitunguu saumu, siki na pilipili manga, vyote vikisagwa na kuchemshwa na maji kidogo mpaka vipungue hadi kiasi kile kile cha mililita 300, hutoa sosi ambayo kijiko chake kina chini ya nusu ya potasiamu ya ile ya nyanya. Ikiwa ana kisukari pia, punguza nanasi na uongeze siki. Kiasi anachoruhusiwa kwa siku hutegemea vipimo vyake vya damu, na anayekijua ni mtaalamu wa lishe wa kliniki yake.

Kwa walio pwani lipo onyo la ziada. Birimbi, lile tunda chachu la achari, lisitumike badala ya ukwaju katika chakula cha mgonjwa wa figo. Lina oksaleti nyingi mno, kemikali ya mimea inayoweza kuganda ndani ya figo, na madaktari nchini India wameeleza habari za watu ambao figo zao ziliumia ghafla baada ya kunywa juisi yake kwa wingi. Karambola, tunda la umbo la nyota ambalo ni ndugu yake, limekatazwa kabisa kwa wagonjwa hawa.

Swali: Mgeni wetu haruhusiwi kula ngano. Sosi ina ngano gani?

Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya pamoja na ngano, na siki ya kimea hutokana na shayiri. Zote mbili zina gluteni, protini ya ngano na shayiri, ambayo huharibu utumbo wa mwenye ugonjwa wa siliaki hata ikiwa kidogo. Tumia siki ya matufaha, ya nazi au siki nyeupe isiyo ya kimea. Ukihitaji kuongeza uzito tumia wanga wa mahindi au wa muhogo, si unga wa chapati. Sosi ya Worcestershire ina samaki wadogo aina ya dagaa ndani yake, jambo linalomhusu mwenye mzio wa samaki na asiyekula vya wanyama.

Swali: Sosi ipakwe lini, na inakaa muda gani?

Ipake dakika 10 za mwisho, nyama ikiwa imekwisha kuiva, kwa sababu hata sukari kidogo ya nyanya huungua kwenye makaa makali, na sehemu zilizoungua hadi kuwa nyeusi hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani. Zikate uzitupe. Kabla ya kuanza kupaka, gawa sosi kwenye bakuli mbili, moja ya brashi na nyingine ya mezani. Brashi iliyogusa nyama mbichi hairudi kwenye bakuli la mezani, na sosi iliyolowekewa nyama mbichi huliwa tu baada ya kuchemshwa hadi itokote.

Kwa kuwa ina sukari na chumvi kidogo, sosi hii haina kinga ya ile ya dukani. Itie kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, uandike tarehe, uiweke kwenye friji na kuimaliza ndani ya wiki moja. Usiifungie kwenye chupa ya kukaa kabatini miezi, kwani uchachu wa nyanya huwa mpakani mwa kiwango kinachozuia bakteria wa botulizimu, na sumu yao haina harufu wala haibadilishi ladha. Ikiwa imekuwa nyingi, igandishe katika trei ya barafu: kila kitundu hubeba karibu vijiko viwili, na siku ya kuchoma unatoa vipande kwa idadi ya walaji.