Je, wajua maua haya hayakuwahi kukaa chombo kimoja?

Katika jumba la makumbusho la Mauritshuis, mjini The Hague, Uholanzi, kuna mchoro wa Ambrosius Bosschaert wa mwaka 1618 hivi. Chombo cha maua kimewekwa dirishani, kimesheheni tulipu, irisi na waridi, yote yamechanua kana kwamba yamechumwa asubuhi ile. Haiwezekani. Kule Uholanzi tulipu huchanua Aprili na Mei, na mawaridi ya enzi hizo mengi yalingoja Juni. Friji ya kutunzia maua nayo haikuwapo.

Sasa aliyapataje? Wachoraji walichora ua mojamoja katika msimu wake, wakaweka karatasi zile akiba, kisha wakalipanga shada zima ubaoni. Ndiyo maana ukilinganisha kazi za Bosschaert unakuta ua lilelile limerudi katika mchoro mwingine.

Jan van Huysum, karne moja baadaye, alipendelea kuchora ua likiwa hai mbele yake, kwa hiyo alisubiri majira. Mchoro wake mmoja ulioko National Gallery, London, una tarehe mbili: 1736 na 1737. Mwaka 1742 aliandika kwamba kazi ya mteja imekwama kwa kukosa waridi la njano. Mafundi cherehani wetu wakati wa Idi hawajafikia kisingizio hicho, na chake kilikuwa cha kweli!

Usumbufu wote huo ulikuwa na walipaji. Makanisa ya Kiprotestanti yalikwisha kuondoa picha ukutani, hivyo wachoraji walitegemea zaidi sebule za wafanyabiashara. Na mfanyabiashara alitaka tulipu, ua geni lililotoka katika milki ya Waosmani, ambalo mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alilipanda katika mji wa Leiden, Uholanzi, mwaka 1593. Lililotamaniwa kupita yote ni lenye michirizi ya rangi mbili. Bei ya matunguu yake, yaani mashina ya chini ya udongo yanayopandwa kama mbegu, ilipaa mpaka ikaporomoka Februari 1637. Ua lenyewe hunyauka baada ya siku chache. La kwenye mchoro lilidumu.

Kinachochekesha ni kwamba michirizi ile ilikuwa ugonjwa. Katika miaka ya 1920 ndipo ilipobainika kuwa ni virusi, navyo huenezwa na vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mimea. Tunguu lililoambukizwa hudhoofika na kuzaa machipukizi machache, na uhaba huo ulizidi kupandisha bei.