Musa alikuwa na kigugumizi? Inategemea unamuuliza nani

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniuliza darasani, mwalimu, hivi Musa alikuwa na kigugumizi kweli? Nikasema nijibu harakaharaka tuendelee na somo, kumbe ndio kipindi kimeishia hapo.

Mimi nafundisha Kiebrania cha Agano la Kale, na mstari wenyewe ni Kutoka 4:10. Musa anajitetea kwamba yeye ni kevad pe, kevad lashon, yaani mzito wa kinywa, mzito wa ulimi. Sasa sisi Waswahili ulimi mzito tunao hukuhuku kwetu, kwa hiyo tukifika hapo tunapita tu, tunajua ni mtu anayepata shida kutamka. Marabi, walimu wa dini wa Kiyahudi, hawakupita.

Rashi, yule rabi mfafanuzi wa Maandiko wa mji wa Troyes kule Ufaransa (1040 hadi 1105), anasema Musa anaongea kwa uzito, halafu anatupia neno la Kifaransa cha watu wa mtaani kwake, balbe, mwenye kigugumizi. Hii ndiyo tabia yake, akiona Kiebrania kinamchanganya msomaji anakupa neno la nyumbani, na yako mengi mno mpaka wasomi wa Kifaransa cha kale wanamsoma Rashi kutafuta maneno ya lugha yao iliyopotea. Midrash nayo, yaani masimulizi ya kale ya marabi juu ya Maandiko, inakwambia uzito ulitoka wapi: Musa akiwa mtoto pale kwa Farao aliwekewa dhahabu na kaa la moto ajaribiwe, mkono ukaenda kwenye dhahabu, malaika Gabrieli akausukuma kwenye kaa, mtoto akalitia mdomoni akaungua ulimi.

Sasa anakuja Rashbam, mjukuu wa Rashi kwa binti yake, na huyu bwana hana mswalie. Nabii aliyeongea na Mungu uso kwa uso awe na kigugumizi? Haiwezekani, anasema, na wala hayo hayapo kwenye maneno ya wenye Mishna na Talmud, vitabu vya mafundisho ya marabi wa kale. Yeye anafungua Ezekieli 3:5, ambako watu wazito wa ulimi ni wageni, watu ambao lugha yao huielewi. Kwa hiyo Musa anasema hivi: Kimisri changu kimeshika kutu, nilikimbia nikiwa kijana na sasa nina miaka 80, nitasimamaje mbele ya mfalme? Mtu yeyote aliyekaa ughaibuni miaka mingi akarudi kijijini anaijua hiyo aibu. Na msishangae mjukuu kumpinga babu, Rashbam mwenyewe anasimulia kwenye Mwanzo 37 kwamba alibishana naye na mzee akakubali kuwa angepata muda angeandika fafanuzi nyingine.

Ibn Ezra, mfafanuzi mwingine wa Kiyahudi, wa Hispania, akasema hapana, hiyo ya kusahau Kimisri si sahihi, Musa alizaliwa hivyo, kuna herufi zilikuwa zinamshinda.

Ukiangalia vizuri hapo wanachobishania ni iwapo Biblia inaongea kama watu wanavyoongea. Huo ni ubishi wa zamani sana. Hesabu 15:31 kwa Kiebrania inasema mtu huyo kukatwa atakatwa, kitenzi mara mbili. Rabi Akiva, mmoja wa marabi wa kale, akasema neno la kwanza ni dunia hii, la pili dunia ijayo. Rabi Ishmaeli, mwenzake, akamuuliza, mbona mstari wa juu yake umeshasema atakatwa, kwani dunia ziko tatu? Akamalizia: Torati imeongea kwa lugha ya binadamu. Na Mswahili hapo hahitaji kufundishwa, sisi si ndio tunasema kuja nitakuja, kujua najua?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kujaza mkono. Kutoka 28:41, Musa aijaze mikono ya Haruni na wanawe. Ukileta neno kwa neno kwa Kiswahili utadhani wanapewa rushwa. Rashi anasema popote usemi huu ulipo maana yake ni kumwingiza mtu kwenye kazi aimiliki kuanzia siku ile, kisha anaeleza alichokiona kwao: bwana mkubwa akimpa mtu madaraka anamtia mkononi glavu ya ngozi, gant, na mamlaka yamehama. Glavu tu! Karne nyingi baadaye vibao vya Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli na Ashuru, vikasomeka, na mle nako kumjaza mtu mkono ni kumkabidhi kitu.

Kijana wangu aliondoka na Rashbam, nadhani kwa sababu ya ile habari ya ughaibuni. Mimi bado nambishia, maana mstari wa 11 Mungu anajibu kwa kuuliza ni nani aliyempa mtu kinywa, nani humfanya bubu. Kama shida ilikuwa Kimisri, bubu anaingiaje hapo?