Daraja la hatari la bwawa: linapima nini hasa?

Bwawa la udongo likiwekwa kwenye daraja la juu la hatari, wengi hudhani tuta lake limekaribia kubomoka. Sivyo. Daraja hilo halisemi lolote kuhusu uzima wa tuta. Linauliza jambo moja tu: maji haya yakitoka yote kwa mkupuo, yatamkuta nani huko chini?

Marekani wana madaraja matatu. La chini, hasara humwangukia zaidi mwenye bwawa. La kati, hakuna anayetarajiwa kufa, lakini barabara au nguzo za umeme zitakwenda na maji. La juu, huenda akafa mtu, hata mmoja tu. Kwa hiyo tuta jipya na imara lililo juu ya shule huwa la daraja la juu, na tuta bovu lililo porini likawa la chini. Hali ya tuta hukaguliwa na kuandikwa kando.

Tatizo ni kwamba daraja hupanda bila mtu kugusa tuta. Chukua bwawa la kuvulia samaki na kupumzikia pale Wakiso, Uganda, lililochimbwa wakati bonde lote chini yake ni mafunjo. Leo bondeni kuna nyumba za kupanga, vibanda vya chapati na stendi ya boda boda. Maji ni yale yale. Walioongezeka ni watu. Hapo karatasi ya zamani yenye daraja la bwawa haifai tena.

Uzee nao una yake. Mti ukikua juu ya tuta kisha ukafa, mizizi inayooza huacha mianya ya maji. Mchwa hutoboa. Bomba la chuma lililopita chini huliwa na kutu. Maji yakivuja safi, yachunguzwe na yapimwe kila mara. Yakivuja na matope, yanabeba udongo wa tuta lenyewe, na hiyo ni dharura. Kibaya kuliko vyote, naona, ni kuziba njia ya maji ya ziada kwa wavu ili samaki wasitoroke. Takataka zikinasa hapo msimu wa mvua za Machi hadi Mei, maji hupita juu ya tuta na kulikata.

Bwawa la Kelly Barnes huko Toccoa, Georgia, Marekani, lilikuwa limebaki la burudani lilipobomoka usiku wa manane, tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua kubwa. Walikufa watu 39, wengi wakiwa wa chuo cha Biblia kilichokuwa chini yake. Jirani zetu wa Solai, Kenya, walizoa maiti zaidi ya 40 bwawa lilipobomoka Mei 2018.

Mwenye bwawa apite bondeni kwa miguu kila mwaka, ahesabu nyumba, na namba yake ya simu iwe kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kijiji cha chini, si cha kwake tu.